Mguu wa Nyuma, Kushoto

Zainabu aliponipigia simu kuniambia baba yake, Fundi Shomari, amefariki, kitu cha kwanza nilichokihisi, na naona aibu kukiandika, kilikuwa nafuu. Nilikaa kitandani na simu mkononi, mke wangu ananiuliza nani kafa, na mimi nawaza: basi, hataniuliza tena. Kwa miaka karibu ishirini Fundi Shomari alikuwa akinipigia mara mbili tatu kwa mwaka. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, tunalalamikia umeme, halafu anashusha sauti kama mtu anayeulizia jambo la ndani ya nyumba: "Hivi, Injinia, ule mtetemo ulivujia wapi?" Nami nilimjibu jibu lilelile kila mara. Nafuu yangu haikudumu hata dakika tano. Ikafuata huzuni, ikakaa, na mpaka leo haijaniachia. Sitasema hapa nilizaliwa wapi wala nilipataje ile nafasi ya kwenda kusoma China. Hayo hayana kosa lolote. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, na chumba kimoja cha ghorofa ya tano mjini Guangzhou, katika ile miaka ambayo kila mtu kwetu alikuwa na ndugu au jirani aliyekwenda China kuleta mzigo.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mtaa wa Dengfeng, pale Xiaobei, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Chini kulikuwa na vibanda vya simu na wabadilisha fedha, na kwenye ngazi ulipishana na Wamali, Wakongo, Wakenya, kila mtu na boksi begani. Fundi Shomari alikuwa mtu wa Magomeni, miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye masikio makubwa ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuyatania. Masikio hayo ndiyo yaliyomlisha. Wafanyabiashara wetu walinunua spika za sebuleni kwa jozi, kila jozi na stendi zake za chuma zenye miguu minne ya bomba, na wauzaji walikuwa na tabia ya kuchanganya mbovu na nzima. Mzigo ukishafika Dar hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo kabla ya kufunga kontena waliupitisha kwa Fundi. Alizipandisha spika kwenye stendi zake, akafungulia besi, akaweka sarafu ya shilingi mia juu ya boksi la spika, akasikiliza. Sarafu ikicheza taratibu, spika nzima. Ikiruka, gundi imeachia. Akisikia mkwaruzo alipitisha kiganja kuanzia kwenye boksi mpaka chini kwenye bomba, kama daktari anayemgusa mtoto tumbo, halafu akasema, "Huyu mzima. Mgonjwa ni mguu." Ndiyo maana hakuweza kuzipima zikiwa zimewekwa chini, maradhi mengi yalikuwa kwenye stendi. Juu ya amplifaya yake, siku zote, kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma alichofuma mkewe, cha aina ileile unayoikuta juu ya redio na televisheni katika kila sebule ya kwetu.

Mimi niliingia chumba kile kupitia kwa Bi Salma, mfanyabiashara wa Zanzibar, mama mnene wa sauti ya juu, ambaye siku nisizo na vipindi alinichukua nikamtafsirie kwa malaobani, yaani wenye maduka. Siku ya kwanza alinisukuma mbele yake mlangoni. "Fundi, n'mekuletea mwanangu huyu, anasomea uhandisi. Mlishe kwanza, ndo umuulize." Tukala wali na samaki wa kukaanga juu ya boksi lililotandikwa gazeti, Bi Salma sahani yake pembeni, na Fundi akatuhadithia habari za jirani yake wa Magomeni, Bi Mwanahawa. "Mimi napiga muziki asubuhi mpaka jioni, na yeye ananitukana asubuhi mpaka jioni. Siku moja malaria imenilaza, redio kimya. Haijafika adhuhuri huyo mlangoni: hodi, hodi, we Shomari, mbona kimya, umekufa?" Tulicheka. Bi Salma akafuta vidole, akasema, "Ndo ujirani huo. Hawa wa huku ukifa watakujua kwa harufu." Tukacheka zaidi. Nayakumbuka maneno yale kwa sauti yake, na mahali mwiba wa samaki ulipokuwa umelala juu ya picha ya gazeti, na mimi nilivyocheka na mdomo umejaa wali. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama alichosema ni kweli.

"Hawa wa huku" tuliyemjua alikuwa mmoja tu, yule tuliyemwita Mzee wa Chini. Aliishi peke yake ghorofa ya nne, chini ya miguu yetu kabisa. Alikuwa mwembamba, mwenye singlendi nyeupe wakati wa joto na koti la buluu wakati wa baridi, na chupa ya chai haikumtoka mkononi. Masikio yake hayakuwa mazima. Ukimsalimu kwenye ngazi ilibidi upaze sauti. Kila Fundi alipofungulia besi mchana, haikupita nusu saa kabla ya kusikia mpini wa fagio ukigonga chini yetu: ngo, ngo, ngo. Sauti tulikuwa tumeshaiziba, maana kuta zilijaa maboksi na mlango na dirisha vilikuwa vimefunikwa magodoro. Kilichomfikia mzee yule kilikuwa mtetemo. Spika inapiga, boksi linatetemeka, boksi linaitikisa stendi, stendi inaitikisa sakafu, na sakafu yetu ilikuwa dari ya mtu.

Kugongewa na fagio si jambo kubwa, ila viza ya Fundi ilikuwa imekwisha miezi minane nyuma. Aliniambia siku ya tatu au ya nne, akiwa amenipa mgongo, anachomelea waya. "Injinia, yule mzee akichoka kugonga ataenda kusema. Wakija, mimi sina karatasi." Nikamuuliza kwa nini haondoki tu. Akasema akimaliza kontena la Bi Salma, jozi sitini, atakuwa na cha kulipia faini na tiketi, aende mwenyewe ofisini akajieleze. "Nataka nirudi kwa miguu yangu. Nilivyokuja ndivyo nirudi, begi mkononi, Mama Zainabu anipokee kama mtu. Sitaki kurudishwa." Akageuka, akanitazama. "Wewe msomi. Huu mtetemo hauna dawa?" Hakuna profesa aliyewahi kuniuliza swali nikataka kulijibu kama nilivyotaka kulijibu lile. Nilijiona mtu wa maana. Ujinga wa ujana una furaha yake, na furaha ile nimeilipia.

Kwanza tulitandika kitambaa cha mkewe kati ya boksi na stendi, kama wanavyofanya nyumbani. Besi ilipopiga, spika ikaanza kutembea, polepole, mpaka ukingoni, na Fundi akaidaka kwa magoti. Tukaweka sponji la godoro; uzito ukalikandamiza likawa kama karatasi, na mpini wa fagio ukagonga vilevile. Kisha nikajitia ujuzi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wenye spika za bei mbaya huziwekea ncha za chuma, basi nikapigilia misumari kwenye vipande vya mbao na kuisimamisha stendi juu yake. Mzee wa Chini siku ile aligonga mpaka chokaa ya dari yake lazima ilimwangukia. "Sasa umempelekea mwenyewe mlangoni," Fundi alisema, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kikohozi tayari. Baridi ya Guangzhou si ya theluji, ni ya maji. Inaingia kwenye blanketi, na nyumba zile hazikuwa na cha kupasha joto. Nikarudi kwenye daftari langu, kwenye kitu ambacho mwalimu wetu alikirudia kila wiki: kitu kizito juu ya kitu laini, na hapo mtetemo hufa njiani. Sisi tulikuwa na ulaini bila uzito.

Uzito ulikuwa umejaa mjini, maana mwaka ule hapakuwa na barabara isiyo na jengo linalopanda. Nilibeba mchanga kutoka kwenye eneo la ujenzi, mfuko mmoja kila siku, ndani ya begi la vitabu. Fundi aliukausha kwenye karai la kukaangia, akiugeuza kwa mwiko kama karanga, chumba kizima kikanuka udongo. Tulitenga jozi moja ya stendi iwe ya kupimia spika zote, zile nyingine Fundi angezikagua kwa kuzigonga tu; tukaujaza mchanga ndani ya mabomba yake, mguu kwa mguu, tukigonga kwa nyundo ya mpira ili ushuke, tukaziba kwa vizibo vya mbao. Chini ya stendi tukaweka ubao mzito, na chini ya ubao tyubu za baiskeli zilizojazwa upepo nusu. Bado palibaki pale palipotusumbua tangu mwanzo, kati ya boksi na stendi. Tulijaribu kila mpira wa sokoni, mwingine mgumu, mwingine laini mno. Mwishowe Fundi akavua ndala zake. Zilikuwa za buluu, alikuja nazo kutoka Dar, zimekanyagwa miaka mpaka zikawa na unyayo wake. Alizibinya kwa kidole gumba, akazikunja, akazinusa hata. "Hizi zimeshajifunza kubeba mtu," akasema, akachukua kisu. Vipande vinne kwa kila spika, kimoja kila kona, ukubwa wa kipande cha kashata. Tukaweka bakuli la maji sakafuni, tukafungulia besi mpaka mwisho. Sarafu ilicheza juu ya boksi, lakini maji hayakukunjamana. Nilishuka ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikaweka kiganja ukutani kwa Mzee wa Chini. Ukuta ulikuwa baridi, umetulia. Nikapanda mbio, nikamkumbatia Fundi, naye akanipigia magoti kwa utani, akasema, "Profesa, shikamoo."

Fagio halikugonga tena. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ile ile kulikuwa na msako mtaani. Polisi walisimamisha watu kwenye daraja la waenda kwa miguu na milangoni mwa mahoteli kuangalia pasipoti, kwa hiyo Fundi hakushuka chini kabisa. Nilimpelekea mchele, mayai, dawa ya kikohozi, nikigonga mlango kwa mgongo wa kijiko, mara mbili, halafu mara moja, kama tulivyokubaliana. Ndani tulifanya kazi kwa amani ambayo chumba kile hakijawahi kuijua. Jozi thelathini, arobaini, arobaini na tisa. Fundi alianza kuzungumzia zawadi. Alitaka kumnunulia Zainabu viatu vinavyowaka taa kisigino. Siku moja, nadhani ya saba, nilimkuta Mzee wa Chini amesimama kwenye ngazi, kama ananingoja. Akaonyesha kidole juu, akasema maneno ambayo niliyaelewa yote: rafiki yako, wa juu, mzima? Kisha akaegemeza shavu kwenye kiganja, kama mtu aliyelala. Mimi nilikuwa nimeshajifunza Kichina miaka miwili. Ningeweza kusema ndiyo, babu, mzima, anakohoa kidogo tu. Lakini tulikuwa tumeambizana tusimwambie mtu chochote, na mimi nilijiona hodari wa kutunza siri. Nikajifanya sielewi. Nikatikisa kichwa, nikashuka haraka, na nilipogeuka bado alikuwa amesimama pale, anatazama juu.

Siku mbili baadaye, mchana, tulikuwa na jozi ya hamsini ikipiga. Mlango ukagongwa kwa kiganja. Fundi akazima, akaweka kidole mdomoni. Nikasogeza godoro, nikachungulia kwenye tundu. Alikuwa Mzee wa Chini, koti lake la buluu, bakuli mikononi limefunikwa sahani. "Usifungue," Fundi alinong'ona. "Ni mzee wa chini tu," nikasema. "Ana chakula." "Injinia, usifungue." Nikafungua. Sijui kwa nini nilifungua. Nimejiuliza mara nyingi kuliko Fundi alivyowahi kuniuliza habari za mtetemo. Labda ni ule mvuke uliokuwa ukitoka chini ya sahani. Mzee alinipita kwa macho, akamwona Fundi amesimama katikati ya maboksi, mzima, bisibisi mkononi, na uso wake wote ukafunguka. Sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo. Akageuka kuelekea kwenye ngazi, akapaza sauti kama wapazavyo watu wasiosikia: "Yupo hai! Yupo hai!" Ndipo wakapanda waliokuwa wamesubiri chini kidogo: mama mmoja wa ofisi ya mtaa, fundi wa makufuli na kisanduku chake, na polisi wawili vijana.

Hawakuja kukamata mtu. Nilimsikia yule mama akiwaeleza, nusu kama anayewaomba radhi: mzee amekuja ofisini tangu asubuhi, anasema dari yake haijatikisika siku tisa, aliyekuwa juu alikuwa na kikohozi kibaya, na mgeni anayekuja, alipoulizwa kama ni mzima, alimtikisia kichwa. Mzee mwenyewe akaongeza, anamtazama Fundi, "Nilidhani umekufa." Polisi mmoja akacheka. Mambo yangeweza kuishia hapo, wakashuka, tukala uji wa mzee. Kisha yule wa pili, kwa upole tu, kwa sababu alikuwa ameshapanda ngazi zote zile na lazima aandike kitu, akanyoosha mkono akaomba pasipoti. Nikatoa yangu. Fundi alibaki amesimama. Uso wa mzee ulibadilika polepole, akitutazama mmoja mmoja, hajui kumetokea nini, kisha akajua. Fundi akaniuliza kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Mzee anasemaje?" Nikasema, "Analalamikia mtetemo." Neno lilitoka lenyewe. Ningemwambiaje? Kwamba mtu yule alikuja kumpigia hodi, kama Bi Mwanahawa, na kwamba kimya kilichomleta nimekitengeneza mimi? Fundi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa mshangao wa kikazi. "Umevujia wapi?" akasema. Walipomwambia avae viatu alitafutatafuta chini kwa miguu, mpaka akakumbuka tulikozipeleka ndala zake. Alishuka ngazi na zangu, kisigino kikining'inia nje.

Mzee wa Chini alibaki mlangoni. Hakuingia. Alinitia bakuli mikononi, akashuka akishika ukuta. Nilikaa juu ya boksi mpaka uji ukapoa, na ulipokwisha kupoa nikaula wote, uji wa mchele na tangawizi na vipande vya samaki. Sijawahi kumwambia mtu. Bi Salma alikuja kuchukua mzigo wake akalia kuliko mimi, akamlaani mzee wa watu kwa Kiunguja chote alichokuwa nacho, nami nikamwacha aamini hivyo. Nilirudisha bakuli wiki iliyofuata. Mzee aliniuliza rafiki yangu anarudi lini. Nikamwambia kwa Kichina safi, safari hii, kwamba anarudi karibuni. Fundi aliwekwa ndani majuma kadhaa, kisha akarudishwa Dar kwa namna ileile aliyoiogopa, bila begi, na kwenye uwanja wa ndege hakukuwa na mtu wa kumpokea kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Hakugusa spika tena. Aliuza vocha, kisha mkaa, kisha hakuuza kitu. Simu yake ya kwanza aliponiuliza swali lile, nilikuwa maktaba, nikatafuta jibu la kumpa fundi, jibu ambalo lisingemhusu mzee wala mimi. "Stendi ya dirishani," nikamwambia. "Mguu wa nyuma, kushoto. Nadhani mchanga haukujaa." "Ule niliujaza mimi," akasema.

Nilikwenda Magomeni siku ya hitima. Nyumba ilikuwa imejaa, kina mama uani na sufuria za pilau, wanaume barazani, na sebuleni, juu ya televisheni, kitambaa cheupe cha kufuma, sijui kama ni kilekile. Redio haikuwepo. Watu walipopungua Zainabu akaniita pembeni. Ana watoto wawili sasa, na masikio ya baba yake. "Baba mdogo, kuna kitu alisema nikupe." Lilikuwa daftari la shule lenye mistari. Nikafungua. Kila ukurasa ulikuwa stendi ileile, imechorwa kwa kalamu, kwa mbele, kwa nyuma, kwa pembeni, mabomba yamekatwa ili mchanga uonekane, na kila ukurasa mguu wa nyuma wa kushoto umezungushiwa duara. Kuna ambapo kizibo kimelegea, kuna ambapo bomba limepinda, kuna ambapo kipande cha ndala kimeteleza nje ya kona. Miaka yote ile. Kwenye ukurasa wa mwisho mkono wake ulishaanza kutetemeka, lakini maandishi yalisomeka: "Injinia, nimepata. Mchanga ulikuwa na unyevu, ukakauka, ukashuka. Mimi ndiye niliyekaanga. Kosa si lako."

Zainabu alikuwa akinitazama. "Alikuwa hachoki na hii michoro," akasema. "Mama alikuwa anaficha kalamu. Hivi kweli alipapata palipovujia?"

"Alipapata," nikamwambia. "Ni palepale."